Dola 84 zilizoshinda dola 320: vifaa nilivyonunua kuzuia vinuka na panya wa Oktoba hapa Allentown

Mwaka jana, usiku mmoja wa Oktoba, nilirudi kutoka zamu ya ghala saa saba usiku. Nikavua viatu, nikawasha taa ya jikoni nichemshe chai. Kwenye pazia kulikuwa na kitu kama kifungo cha koti kuukuu, rangi ya kahawia, kimeshikilia kitambaa. Nikakibandua kwa vidole. Kilikuwa hai.

Harufu ile sina ya kuifananisha nayo isipokuwa kotmiri iliyosahaulika wiki mbili ndani ya mfuko wa plastiki. Nilinawa mara tatu, na chai nayo niliinywa inanuka kotmiri. Kwa kuwa Tanga ilikuwa saa mbili asubuhi, nikampigia mama.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Mbona hujalala?"

"Nimeingiliwa na wadudu."

"Marekani?" Akacheka mpaka simu ikakwaruza. "Si wewe uliyesema huko hata inzi hakuna?"

"Nilisema wakati wa baridi hakuna mbu."

"Haya. Piga dawa ulale."

Nikapiga dawa, yaani nikaita watu wa dawa, na hapo ndipo fedha zilipoanza kutoka. Naandika haya mwezi wa Novemba, mwaka mmoja baadaye, baada ya kubadilisha kabisa namna ninavyojitayarisha. Nimejaribu vitu saba. Kimoja kimenisaidia kuliko vyote, kimoja ni takataka, na vingine vimeangukia katikati.

Kwanza nieleze haya majira, kwa walio nyumbani. Majani yanageuka rangi ya bizari, yanapukutika, usiku baridi inakushika masikio. Wapo wanaoyaita vuli. Mimi mtu wa Tanga ukinitajia vuli naona mvua na mahindi, kwa hiyo nitasema tu Septemba na Oktoba. Kwetu kinachosukuma wadudu ndani ni maji: mvua ikijaza mashimo utaona siafu, tandu na panya wanahamia kwako bila hodi. Huku kinachowasukuma ni baridi. Kila chenye miguu kinatafuta ufa wa kujibanza mpaka Aprili, na nyumba yangu ni ya tofali, ya miaka ya 1920, imeshikana na za majirani kulia na kushoto. Nyufa haina haja ya kuazima.

Huyo mdudu wa pazia sisi humu ndani tunamwita kinuka. Ana umbo la ngao, mgongo wa madoadoa, na mapembe ya kichwani yana pete nyeupe. Asili yake ni China, Japani na Korea. Mara ya kwanza kukamatwa Marekani ilikuwa mwaka 1998, na mahali penyewe ni Allentown, jimbo la Pennsylvania, mji huu huu ninaolipia kodi. Kwa maana hiyo kinuka ni mwenyeji hapa kuliko mimi. Wakulima wanamchukia kwa haki, kwani mwaka 2010 peke yake alitia hasara ya dola milioni 37 kwenye matofaa ya majimbo ya ukanda huu. Ndani ya nyumba hang'ati, hali chakula chako wala hazaani. Anakuja kulala tu. Lakini anakuja na ukoo mzima, na ukimbana analipiza kwa harufu.

Sasa kampuni. Siitaji jina, na sitaki mtu anitumie ujumbe kuuliza. Kijana alikuja na gari safi na sare safi, akazunguka nyumba kwa dakika ishirini na kitu. Akapuliza nje, kisha akapuliza ndani, kwenye nyufa za mbao zinazozunguka sakafu na nyuma ya vibao vya swichi. Dola 185. Akanitolea na mkataba wa dola 45 kila mwezi, nikatia saini nikiwa na usingizi wa zamu. Nilimuuliza kitu kimoja: "Wakifia ndani ya ukuta itakuwaje?" Akasema watakauka.

Ni kweli walikauka. Mwezi wa Machi nikatoa koti langu la sufu kabatini, lile nililonunua mwaka wa kwanza nilipofika, nikakuta limetobolewa mashimo madogo kwenye ukosi na makwapa. Chini ya kabati kulikuwa na vijidudu vya duara, vidogo kama mbegu za mtama, na maganda ya mabuu yao yenye manyoya. Salma, binti yangu wa darasa la saba, ndiye aliyenitafutia. Chuo Kikuu cha Penn State kina kitengo cha ushauri kwa wakulima na wenye nyumba, na wameandika wazi: usipulize dawa ndani ya kuta vinuka wakishaingia, kwa sababu mizoga yao inavuta mbawakawa wa mazulia, na hao wakimaliza mizoga wanahamia kwenye sufu na vyakula vikavu. Kanga zangu zilisalimika kwa kuwa ni pamba. Koti lilikwenda. Mkataba nilikuwa nimeshauvunja baada ya kulipa miezi mitatu, jumla yote dola 320, ukiacha bei ya koti.

Kwa hiyo mwaka huu nilianza mwezi wa Agosti, kabla hawajafikiria kuja.

Kifaa cha kwanza, na ndicho ninachokisifia hapa, ni brashi ya chini ya mlango. Ni kipande cha alumini chenye urefu wa upana wa mlango, na upande wa chini kimeshonewa nywele ngumu nyeusi kama za brashi ya viatu. Unakipima, ukizidi unakata kwa msumeno wa chuma, unakifunga kwa skrubu nne upande wa ndani ili nywele ziguse kizingiti. Dola 14 kimoja. Nimenunua viwili, mlango wa mbele na wa nyuma.

Kipimo nilichokitumia ni hiki. Usiku nilizima taa zote, nikaacha tochi kali inawaka sakafuni ndani, nikatoka nje nikalala kifudifudi kibarazani kama mtu anayetafuta pete. Chini ya mlango wa nyuma mwanga ulitoka mstari mzima, na kwenye kona ya kushoto palikuwa na pengo ambalo kalamu ya risasi ilipita bila kugusa. Hilo la kalamu nimejifunza ndilo kipimo chenyewe: kipanya cha nyumbani kinapenya tundu la milimita 6 hivi, unene wa kalamu. Kichwa kikipita, mwili unafuata. Jirani yangu, mama mmoja wa Dominika, alifungua dirisha kuniuliza kama nimeanguka. Nilipomwonyesha akaenda kuzima taa zake mwenyewe, na tukawa wawili tumelala kibarazani usiku wa manane.

Baada ya kufunga brashi nilirudia. Giza tupu, isipokuwa kwenye kona ile ya kushoto, kwa sababu kizingiti chenyewe kimeliwa na maji na kimeinama. Hapo brashi haikufika. Kuna za mpira badala ya nywele, nazo nilizijaribu dukani kwa mkono. Mpira unaziba vizuri zaidi kwenye kizingiti kilichonyooka, lakini kwenye sakafu yenye mabonde kama yangu unakwama na mlango unakuwa mzito. Nywele zinafuata mabonde. Kasoro ya nywele ni kwamba zinakusanya manyoya ya paka wa jirani na majani makavu. Kila Jumamosi nazichana kwa kitana kibovu. Na ukifunga skrubu kwa nguvu nyingi alumini inapinda katikati. Nilipinda ya kwanza. Baba Salma akainyoosha kwa goti, hakusema neno, na kule kutosema kwake ndiko kulikoniudhi.

Ile kona nikaiziba kwa kifaa cha pili, wavu wa shaba. Usidhani ni wavu wa dirisha. Ni kama zile nyuzi za kusugulia masufuria, ila umefumwa kwa shaba na unakuja umeviringishwa, mita 9 kwa dola 25. Unakata kwa mkasi, unakunja, unasindilia kwenye tundu kwa bisibisi mpaka ukose kusogea. Nyuzi za chuma za masufuria ni rahisi zaidi, lakini zinashika kutu na kutu inachirizika ukutani kama machozi. Shaba haishiki kutu hiyo, na panya hapendi kuitafuna.

Panya wenyewe walikuwepo. Sikusema mwanzoni kwa sababu niliona aibu. Februari nilikuta mavi yao, madogo kama punje za mchele mweusi, nyuma ya jiko la gesi. Silika ya mtu aliyelelewa Ngamiani, Tanga, ni kuchukua ufagio. Usifanye hivyo. Mamlaka ya afya ya hapa, CDC, inasema mavi na mkojo wa panya usifagiliwe vikavu wala usivutwe kwa mashine ya vumbi, maana vumbi lake linaweza kubeba virusi vya hanta. Vaa glavu, nyunyizia maji yenye jiki, acha dakika 5, futa kwa karatasi, tupa. Mimi nilishafagia nusu. Nilikaa wiki nzima najipima homa.

Njia yao tuliipata kwa kusukuma jiko. Bomba la gesi linaingia ukutani kupitia tundu ambalo fundi wa zamani alilitoboa ukubwa wa machungwa, bomba lenyewe likiwa unene wa kidole gumba. Aliyetangulia kuishi humu aliziba kwa povu la njano, lile la kopo linaloumuka, na katikati ya povu kulikuwa na handaki safi, limechongwa kwa meno, kingo zake laini kabisa. Nilimulika tochi nikaona hadi chumba cha chini. Povu peke yake kwa panya ni mkate. Nikaling'oa lote, nikasindilia shaba, kisha juu yake silikoni, ile gundi laini ya kuzibia nyufa. Chini ya sinki mlikuwa na matundu mawili ya aina hiyo, na moja kwenye bomba la kipasha joto chumbani kwa Salma. Nusu ya wavu iliishia hapo.

Silikoni ni kifaa cha tatu: mirija miwili, dola 8 kila mmoja, na bunduki yake ya kuikamulia dola 6. Sina mengi ya kusema. Inaziba fremu za madirisha na nyufa za mbao, inakauka usiku mmoja, na ukiipaka bila kulowesha kidole itakufanya uonekane umekula wali wa nazi kwa mikono miwili. Nunua ile inayokubali kupakwa rangi. Yangu haikubali, na sasa dirisha la sebuleni lina mistari inayong'aa ambayo kila mgeni anauliza ni konokono gani aliyepita.

Kuhusu vinuka, silikoni na brashi hazikutosha, na nisiwadanganye. Mchana wa jua katikati ya Septemba walijibandika kwenye ukuta wa kusini wakaota joto, Salma akihesabu kutoka barabarani. Kufikia jioni kumi na wawili walikuwa ndani. Tulizunguka nyumba mara mbili kabla ya kuona mlango wao: kiyoyozi cha dirishani. Yale mabawa ya plastiki ya pembeni, yanayokunjuka kama feni ya harusi, yana mianya juu na chini, na sisi tulikuwa tumekiacha pale kwa uvivu kwa sababu ni kizito. Baba Salma akakitoa siku hiyo hiyo. Tulipokiinamisha, ndani yake walidondoka kama korosho kutoka guniani. Kama nawe una kiyoyozi cha namna hiyo, kitoe kabla Septemba haijafika katikati; hilo halina gharama yoyote isipokuwa mgongo.

Kwa waliokwisha kuingia, nina karai. Ni lile la alumini jepesi la kuokea nyama, dola 2. Unatia maji vidole viwili, matone ya sabuni ya vyombo, unaliweka gizani na taa ndogo ya mezani ikimulika juu yake. Kinuka anafuata mwanga, anaanguka, na sabuni inamzuia kuelea. Usiku wa kwanza tulipata 31. Wa pili 19. Salma anaandika idadi kwenye kalenda ya jikoni, ile ya duka la nyama halali, na anasikitika ikishuka. Nilimwambia kuna mtafiti Maryland aliyehesabu vinuka wa nyumbani kwake, tangu Januari hadi Juni 2011, akafika 26,205. Akaniuliza kama tunaweza kuhamia kwake.

Mashine ya kufyonza vumbi nayo inafanya kazi, ila harufu itakaa kwenye mfuko wake milele. Ujanja ni soksi ndefu ya nailoni: iingize ndani ya bomba, kingo uzikunjie nje, funga kwa raba. Ukimaliza unavuta soksi na vinuka wamo ndani, unafunga fundo, unatia kwenye ndoo ya sabuni.

Kifaa cha tano ni mitego. Nimenunua ile ya mbao ya kufyatuka ya Victor, yenye herufi V nyekundu, minne kwa dola 7. Historia yake ilianzia Lititz, mji mdogo wa hapa hapa Pennsylvania, zaidi ya miaka mia iliyopita, na umbo halijabadilika. Weka kwa kuelekeza chambo ukutani, maana kipanya hutembea kimejisugua na ukuta. Chambo nilianza na jibini kama kwenye katuni, kikapuuzwa siku nne. Mama Furaha, rafiki yangu wa Uvira, Kongo, tunayefanya naye zamu, akanicheka: "Dada, we unafuga panya ama unamtega? Weka karanga." Siagi ya karanga, kiasi cha punje ya harage, usiku ule ule. Vilinaswa viwili Februari, na tangu tuzibe bomba la gesi hakijanaswa kingine hadi leo. Mitego ya gundi siinunui tena. Tanga tuliitumia, sawa, lakini asubuhi kukuta kiumbe hai kimekwama kinakutazama, na mtoto yuko mezani anakula uji, hapana.

Takataka niliyoisema ni vile vidude vya kuchomeka kwenye umeme vinavyodai kutoa sauti ambayo panya na wadudu hawaipendi. Nilinunua vitatu kwa dola 30 mwaka jana, na fedha hizo sijazitia kwenye hesabu ya mwaka huu kwa sababu naziona kama sadaka. Kinuka mmoja alilala juu ya kidude chenyewe, amejipasha joto kwenye taa yake ya bluu. Baadaye nikasoma kwamba tangu 2001 tume ya serikali inayosimamia biashara, FTC, iliwaandikia watengenezaji na wauzaji zaidi ya 60 wa vitu hivi kuwaonya kwamba madai yao lazima yawe na ushahidi wa kisayansi. Bado vinauzwa, na vina nyota nyingi.

Buibui na wale kobe-wadudu wa rangi ya machungwa wenye madoa sijawafanyia kitu. Buibui nawaacha. Wale wa madoa wanaingia kwenye karai pamoja na vinuka bila kuombwa.

Hesabu yenyewe, kwa wanaopenda hesabu: brashi mbili 28, shaba 25, silikoni 16, bunduki 6, mitego 7, karai 2. Dola 84. Ningekuwa na dola 14 tu ningenunua brashi moja, nikaifunga mlango wa nyuma, nikatoa kiyoyozi dirishani, basi. Kama nyumba si yako, mwambie mwenye nyumba kwa maandishi kabla ya kutoboa mlango wake. Mama Furaha alitoboa kwanza akaulizwa baadaye.

Jana usiku kwenye karai walikuwa wawili. Shaba imebaki kama mita tatu, na mrija wa pili wa silikoni una nusu. Aliye Allentown au Bethlehem, mji wa jirani, na ana bomba la gesi lenye tundu aje achukue. Aje na bisibisi yake, yangu Baba Salma kaiweka mahali salama na sasa hakumbuki mahali penyewe.